Vistari wa Nesitu

Jumatatu, 4 Julai 2016

Samaki wangu bado hawajataga. Nimechungulia tangi la pili kabla ya chai, nikachungulia tena kabla ya kuvaa viatu. Dume mmoja ndiye amebadilika — ncha ya juu ya mkia imeiva nyekundu kama pilipili. Majike wamejaa matumbo. Kuna kitu kinawazuia. Nadhani ni maji.

Mama Teresina alipita na ndoo, akasimama mlangoni. Mama mkwe wangu haingii chumba hiki bila sababu. Aliuliza hao wakikua kabisa wanafika wapi. Nikamwonyesha kidole changu cha shahada, pingili mbili.

"Basi?"

Basi, Mama. Akaenda zake.

Wadogo mno kwa sufuria, ndiyo maana hakuna anayewajali. Wavuvi wa mtaa wa Juba Na Bari wakiwakuta kwenye nyavu huwakung'uta kama uchafu. Ni tetra, jamii ya samaki wadogo, tena wa hapahapa kwetu. Kitabuni wana jina refu la Kilatini. Mimi nawaita vistari: kila mmoja ana mstari mweusi mmoja unaoanzia puani, unapita katikati ya jicho, unakwenda moja kwa moja hadi mkiani. Kama uliochorwa kwa rula. Niliwavua kumi na mmoja mwezi wa tatu kule Nesitu, nyuma ya kituo cha malori, kwenye kidimbwi kilichojificha ndani ya matete. Mwalimu Emilio, anayenisimamia utafiti huu, aliniambia kabla ya kusafiri kwenda Kampala: jua wanaishi wapi, wanakula nini, wanazaaje. Andika kila kitu.

Ripoti yake naiandika kwa Kiingereza. Daftari hili ni la Kiswahili changu cha shule ya bweni, Kitale. Mama hakijui. Cirillo, mume wangu, anakiongea kile cha Uganda, cha gereji na sokoni, ila kukisoma hana subira. Kwa hiyo hapa naweza kulalamika ninavyotaka.

Jumatano, 6 Julai

Wametaga!!

Jana nilikinga maji ya mvua, nikawamiminia nusu ndoo. Leo alfajiri, nikiwa bado na kanga, naona dume anamfukuza jike ndani ya nyasi za tangi, wanatetemeka ubavu kwa ubavu. Kisha mayai — madogo kama punje za mchanga mlaini, yamenata kwenye nyasi. Wazazi wenyewe wakaanza kuyala! Nikawahamishia tangi la kwanza haraka haraka, nimelowa hadi kwenye viwiko.

Leo Idd, maduka mengi ya soko la Konyokonyo yamefungwa, kwa hiyo Cirillo alikuwa nyumbani. Nilimwita aje aone. Alikuja, akainama, akasema haoni kitu. Nikamwelekeza kwa ncha ya kalamu. Akasema, "Eh. Vumbi."

Lakini jioni mayai mengi yamegeuka meupe. Ukungu. Maji ya kisima chetu hapa Atlabara ni magumu, yanaacha chokaa hata kwenye birika. Wanahitaji maji ya kwao.

Cirillo anakwenda Nesitu Ijumaa kumpelekea mteja tairi za pikipiki. Nimemwomba aniletee maji ya kidimbwi. Amecheka sana. Watu wa Nesitu wanakuja Juba kutafuta maji, anasema, yeye atoke Juba kwenda kuyachota Nesitu. Lakini amekubali. Huwa anakubali.

Alhamisi, 7 Julai

Risasi, upande wa Gudele, jua likizama. Si nyingi. Jirani amesema askari wa Rais na wa Makamu wake wamekorofishana kwenye kizuizi cha barabarani, wengine wamekufa.

Mama amemwambia Cirillo kesho asiende popote. Cirillo anasema mambo ya namna hii huisha siku moja.

Mimi nilisema — lazima niliandike hili kama nilivyolisema — "Ukiondoka mapema, utarudi kabla ya jua kali."

Ijumaa, 8 Julai

Ameondoka saa mbili asubuhi.

Vifaranga wametoka! Wamening'inia kwenye kioo, kama alama za mkato. Nimehesabu hadi sitini nikachanganyikiwa.

Saa saba alipiga simu. Amefika, mteja hajaja, kidimbwi chako kimejaa hadi kwenye nyasi za juu, ameshachota. Nyuma yake nilisikia mtu akigonga chuma.

Saa kumi na moja milio imeanza. Si kama jana. Kubwa. Tuko sakafuni, mimi na Mama, chumba cha samaki, kwa sababu ndicho chenye dirisha dogo. Simu yake haiingii. Simu ya mtu yeyote haiingii.

Jumamosi, 9 Julai

Kimya. Leo nchi imetimiza miaka mitano ya uhuru. Hakuna bendera, hakuna ngoma. Mtaa mzima watu wamesimama kwenye milango yao wakitazama kona.

Netiweki ilirudi dakika chache kabla ya saa sita. Nikampigia Cirillo mara tisa. Nikampigia Duku, fundi wa malori wa Nesitu, yule aliyewahi kukaa Arua, Uganda.

"Pikipiki yake ilikuwa hapa kwa mama wa chai," akasema. "Jana watu wa bunduki nakuja na gari, sisi yote nakimbia. Sasa pikipiki hapana. Yeye mwenyewe mimi hapana ona."

"Kuna maiti?" nikauliza. Sikujua kama ninaweza kulitamka neno hilo.

"Moja. Si yeye. Huyo ni mzee."

Netiweki ikakatika.

Nilimweleza Mama kila kitu, sikumficha. Alikuwa anapepeta mchele ambao tayari ulikuwa safi. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, bila kupaza sauti, "Mwanangu alifuata maji ya samaki."

Alilisema mara moja. Hakurudia.

Jumapili, 10 Julai

Mapigano tangu asubuhi. Helikopta zinapita juu ya paa kuelekea Jebel, nyumba inatetemeka, vioo vya matangi vinalia. Bomu likianguka mbali, maji yanapiga wimbi dogo, vifaranga wote wanaachia kioo kwa pamoja, kisha mmoja mmoja wanarudi kunata. Nimewatazama hao siku nzima. Ningetazama nini kingine?

Kama saa tisa risasi moja ilipita dirishani. Moja tu, iliyopotea njia. Ilipiga ukuta, ikaruka, ikapasua tangi la kwanza — la wakubwa. Sikusikia mlio. Nilihisi maji yakinijia tumboni nikiwa nimelala kifudifudi, nikafikiri ni damu. Yangu au ya Mama. Nikampapasa. Akanipapasa. Hakuna.

Samaki walikuwa sakafuni kati yetu, wanarukaruka.

Nilianza kuwaokota kwa viganja. Wanateleza, wadogo, wananiponyoka vidoleni. Nilikuwa nasema maneno, sijui maneno gani. Mama alitambaa akatoka. Nikadhani ameniacha, na ni haki yake. Akarudi anatambaa, anasukuma mbele yake lile beseni lake la kukandia unga wa kisra, mkate wetu mwembamba wa mtama, beseni ambalo miaka sita ya ndoa yangu sijaruhusiwa kulitumia. Ndani maji. Maji yetu ya kunywa.

"Weka," akasema. "Weka, weka, weka!"

Aliokota watatu yeye mwenyewe. Wa mwisho alikuwa chini ya kitanda, ameshikwa na vumbi. Mama alimshika kwa upindo wa nguo yake kama mtu anayeokota kaa la moto.

Wanane wazima. Watatu wamekufa, mmoja ni yule dume mwenye mkia mwekundu.

Tuko mlemle bado. Sakafu imelowa. Mama ameweka kiganja chake mgongoni kwangu na hajakiondoa.

Jumatatu, 11 Julai

Mbaya kuliko jana. Jerikeni moja na nusu ya maji. Nikamwambia Mama, maji ya beseni lile tunaweza kuyachemsha, tukayanywa. Alikataa. Alisema mara ya kwanza alipokimbia nchi hii alikuwa msichana mbichi, na maji aliyokunywa njiani kwenda Uganda yalikuwa na mambo mengi kuliko samaki. Lakini leo hatujafika huko.

Jioni. Redio inasema wamekubaliana kusimamisha mapigano. Milio imepungua... imekoma. Sitaki kuandika kwamba imekoma.

Jumanne, 12 Julai

AMERUDI.

Amerudi, amerudi. Naandika saa kumi jioni.

Niende taratibu. Asubuhi kimya. Kimya kweli, hadi tunasikia jogoo. Vifaranga wameachana na kioo, wanaogelea! Siku ya nne, wamejinyoosha, wanapita katikati ya tangi kama sindano ndogo. Kama saa saba nilikuwa nawasagia kiini cha yai la kuchemsha — yai la mwisho, Mama alilitoa yeye — ndipo nikasikia geti linasukumwa. Si kugongwa. Kusukumwa kwa bega, maana mikono imeshika kitu.

Cirillo. Peku. Shati limekakamaa kwa matope, uso umevimba kwa mbu, miguu ina vidonda vya ruba. Na mkononi jerikeni ya lita kumi. Imejaa.

Aliiweka chini mbele yangu. Akasema, "Maji yako."

Nilitaka kumkumbatia lakini Mama alinitangulia. Hakumkumbatia. Alimkagua. Kichwa, masikio, shingo, mbavu, akamgeuza, mgongo, akainua miguu yake mmoja mmoja kama ya mbuzi wa kununua. Alipomaliza akasema, "Pikipiki iko wapi?"

"Wameichukua, Mama."

"Alhamdulillah," akasema Mama Teresina, Mkristo wa kanisa la Mtakatifu nani sijui, mwimbaji wa kwaya. Akaketi chini hapo hapo uani, akafunika uso. Mabega yalikuwa yanacheka au yanalia, sikuweza kutofautisha, nami nilikuwa hivyo hivyo.

Ametembea tangu alfajiri, kwa njia za mashambani, hadi darajani. Pale askari walimsimamisha: hiyo ni petroli? Ni maji. Kunywa. Akanywa. Kunywa tena. Akanywa tena. Yana ladha gani, nikamuuliza. "Majani," akasema. "Kama chai ya mtu bahili."

Sasa amelala. Homa kidogo, tumempa dawa. Kila nikipita mlangoni nasimama nisikilize anavyopumua. Anakoroma. Miaka sita nimeulalamikia mkoromo huo humu humu daftarini!

Nimemimina vikombe viwili vya maji ya Nesitu kwenye tangi la vifaranga. Vikombe viwili tu, polepole.

Jumatano, 13 Julai

Ameamka ana njaa. Ishara nzuri. Amekula asida yote, ugali wetu, kisha akanisimulia.

Ijumaa jioni alikuwa kwa mama wa chai, jerikeni mbili zimefungwa kwenye pikipiki, anamsubiri mteja. Gari zikaja, milio. Watu wakatawanyika. Yeye alikuwa amefungua jerikeni moja aifunge upya, akakimbia nayo mkononi. Hajui kwa nini. "Nilisahau kuiachia," anasema. Akaingia kwenye matete, matete yakamfikisha kidimbwini, akaingia hadi shingoni, simu ikafa mfukoni, akajifunika kichwa kwa majani ya yungiyungi.

Walikuja hadi ukingoni. Wawili. Walikuwa wanabishana kuhusu viatu. Mmoja akakojoa majini, hatua kama sita kutoka kwake. Wakaenda.

Hakuthubutu kutoka. Siku tatu! Gari zikisikika barabarani, ndani ya maji. Zikinyamaza, kwenye ukingo chini ya matete, ameketi kwenye tope. Jumapili mama wa chai — anaitwa Tisa, ndiye aliyemwona akiingia kwenye matete, tutamshukuru vipi mtu huyu — alimpitishia mihogo ya kuchemsha ndani ya karai, kama mtu anayekwenda kufua. Na Jumapili hiyo alisikia mizinga ya Juba. Akajua sisi tuko chini yake.

"Nikawa sina la kufanya," anasema. "Kuomba niliomba hadi maneno yakaisha. Kwa hiyo nikawatazama hao samaki wako."

Nikamwambia nyamaza kwanza. Nikaenda kuleta kalamu.

Alicheka, lakini mimi sikuwa nacheka. Hakuna mtu ninayemjua aliyewahi kukaa na vistari siku tatu mfululizo kwao, ndani ya maji, bila kutikisika. Mimi mwenyewe nilisimama ukingoni saa moja na wavu. Nikamuuliza kila kitu. Naandika kama alivyosema:

Asubuhi wako chini ya mizizi ya matete, wamejipanga, wote wameelekea yanakotoka maji. Maji yanatoka wapi? Upande wa vilima, yanaingia kidogo sana, unayahisi kwa ngozi tu, ni ya baridi zaidi. Jua likipanda wanahamia chini ya majani ya yungiyungi. Wangapi? "Mia? Walikuwa wananizunguka kama nzi." Wanakula nini? Viluwiluwi vya mbu. "Wewe unawaita vistari, mimi nawaita askari wangu. Bila wao mbu wangenimaliza." Walimdonoa vidole pia, penye vidonda. Haiumi. Inatekenya. Mara moja alijikuta anacheka, akajiziba mdomo kwa tope.

Ndege wa buluu mwenye mdomo mrefu akitua kwenye tete, wote wanapotea mara moja, mstari mweusi unafanana na kivuli cha nyasi, huoni kitu. Ndipo alipoelewa mstari ule ni wa kazi gani. Amenieleza kwa mikono. Mume wangu, muuza tairi!

Na hili: kama saa kumi jioni madume wenye mkia mwekundu wanaondoka kwenye kina. Wanakwenda pembeni, kule mvua ilikofurikia nyasi za nchi kavu, maji ya kufika kifundo cha mguu tu. Kule ndiko wanakotetemeka na majike.

Kifundo cha mguu! Na mimi nimewawekea tangi la kina cha mkono mzima, miezi minne, nashangaa kwa nini hawatagi. Nilidhani ni maji tu. Kumbe ni maji mapya juu ya nyasi, na yawe haba.

Nimejaza kurasa saba. Mwishoni aliuliza, "Nimefaulu mtihani?" Nikamwambia nilimtuma kufa. Ndivyo ilivyonitoka. Nimelibeba tangu Ijumaa. Akajikuna vidonda vya ruba mguuni. Kisha akasema, "Jirani yetu wa duka, yule wa Jebel, hakutumwa popote. Alikuwa nyumbani kwake."

Sikujua kwamba amekufa. Ndio nimejua kwake. Mama alikuwa amenificha.

Alhamisi, 14 Julai

Foleni ya maji, foleni ya unga. Soko halina kitu, vibanda vimebaki miti. Watu wanatafutana. Kila mtu anayekutana na mtu anamshika mkono muda mrefu kupita kawaida.

Mwalimu Emilio amepiga kutoka Kampala. Analia, mtu mzima yule. Anasema njooni, nyumba ipo. Msafara wa malori utapita kwenda Nimule, mpakani, una ulinzi wa wanajeshi wa Uganda. Cirillo anamjua dereva mmoja wa nyuma kabisa, atatuchukua.

Cirillo anataka. Mimi nataka, naona aibu kutaka. Mama hajasema ndiyo wala hapana. Ameanza kufunga vyombo. Beseni la kisra hakulifunga, maana lina wapangaji.

Swali la samaki. Emilio alisema niwalete Kampala, kuna matangi mazuri. Nikakataa papo hapo, hata mimi nilishangaa. Vistari wa maji haya hawachanganywi na wa maji mengine, wakimponyoka mtu huko hujui wataharibu nini au wataharibiwa nini. Kuwaacha hapa ni kuwaua. Lakini barabara ya Nimule inapita Nesitu.

Nimemwambia Cirillo. Hakucheka. Alisema atanionyesha mahali pa kuwamwagia.

Jumamosi, 16 Julai

Nesitu! Naandika nimekaa juu ya jiwe, nyuma ya kituo cha malori, daftari gotini. Msafara umesimama, lori moja la mbele limechemsha injini, wamesema nusu saa.

Kuanzia mwanzo. Tumetoka saa moja asubuhi. Juu ya lori watu kama arobaini, magodoro, kuku, na mimi na sufuria kubwa yenye mfuniko uliotobolewa, na Mama na beseni lake limefungwa kwa nailoni. Darajani walikagua. Askari alifungua mfuniko wangu, akaangalia sana, akasema, "Mbona hujawakaanga?" Lori zima likacheka. Kicheko cha kwanza tangu sijui lini. Hata wale waliokuwa wamekodoa macho barabarani walicheka. Akatupitisha.

Hakuna kilichotokea njiani. Naandika hivyo kwa raha: hakuna kilichotokea njiani.

Duku alikuwa amesimama barabarani, akamwona Cirillo, akapiga yowe. "Wewe nakufa! Mimi naambia bibi yako pikipiki napotea, na wewe napotea!" Wakashikana mashati, wakasukumana kama vijana wa shule. Mama wa chai, Tisa, ni mwanamke mdogo kuliko nilivyofikiri, ana mtoto mgongoni. Mama Teresina alimwendea moja kwa moja. Alishika mikono miwili ya Tisa akaiweka kwenye paji la uso wake mwenyewe. Tisa aliona haya, akaangalia pembeni.

Kisha kidimbwi. Sikukijua! Mwezi wa tatu kilikuwa shimo la maji ya kahawia. Sasa kimepanda, kimeingia kwenye nyasi, mayungiyungi yamefunguka meupe, matete yamesimama marefu kuliko Cirillo. Kuna harufu ya majani yaliyolowa. Niliona mahali alipokuwa ameketi: matope bado yana umbo la mtu.

Alikunja suruali, akaingia. Nikadhani ataogopa. Alisimama kidogo tu, akavuta pumzi, akasema maji ni ya moto leo. Nilimpa beseni. Tulifanya polepole, kikombe cha kidimbwi ndani ya beseni, tukasubiri, kikombe kingine, ili wayazoee. Wanane. Cirillo akainamisha ukingo wa beseni hadi ukazama chini ya uso wa maji. Hawakutoka. Walibaki wamejikusanya katikati ya beseni, pua zimeelekea vilima. Kisha mmoja akavuka, na wote wakavuka, na sikuwaona tena. Kweli ule mstari una kazi.

Nilifikiri nitalia. Badala yake nilihisi mwili wangu wote umelegea kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Wamebaki vifaranga, sufuriani. Hamsini na kitu, wana siku nane, wadogo kama kope. Hao nimeshindwa. Tumesimama pale penye nyasi, maji ya kifundo cha mguu, panapofaa kabisa, na mkono wangu hauinami. Wakiliwa? Wiki mbili zaidi na wangejua kukimbia. Mtu mmoja tu wa kuwabadilishia maji, kuwapa chakula, wiki mbili.

Nilipogeuka kumwambia Cirillo, nikaona Mama ameshushiwa vitu vyake kutoka kwenye lori. Yote. Godoro, sigiri, mkoba wa nguo. Amepanga kando ya kibanda cha Tisa, na amempakata mtoto wa Tisa. Nikamkimbilia. Mama, tunaondoka sasa hivi. Akanijibu kwamba yeye amekwenda Uganda mara mbili katika maisha yake na njia anaijua. Ikibidi ya tatu, kutoka hapa ni karibu zaidi kuliko kutoka Atlabara. Kwanza anataka kulala mahali pasipo na mlio. Tisa ana kibanda cha pili kitupu. Ameshaulizia mkaa.

"Na nyinyi nendeni," akasema. "Ama mkae. Mimi siwakatazi."

Cirillo yuko majini bado, hadi magotini, ameshika beseni la mama yake. Ananitazama mimi.

Honi imelia mbele. Lori limepona. Mwanajeshi wa Uganda anakuja kwa miguu pembeni ya msafara na karatasi yake ya majina, kijana mrefu, jasho limemlowesha kola. Amefika kwetu.

"Nyinyi iko napanda ama iko nabaki? Mimi iko na haraka."

Nimemwomba dakika moja. Ameangalia saa yake. Ameangalia barabara. Kisha ameona sufuria kati ya miguu yangu, ameinama, bunduki ameisukuma mgongoni, na uso wake uko karibu na maji kabisa.

"Hii mdogo sana," anasema. "Hii nakula nini?"

"Kiini cha yai," nimemjibu. "Mama atawapa. Sisi tunapanda."